Jicho likibishana na gridi, lishinde jicho

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja: "Dada, nataka kuchora fonti nene ya miraba, yenye sura ya kompyuta za zamani. Nianzie wapi?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu. Nilipoanza tu, kidonda cha miaka minne kikatoneshwa, na jibu likawa makala.

Fonti yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyohiyo. Nilikuwa nimeipenda mno fonti iitwayo New Alphabet, ambayo msanifu wa Uholanzi, Wim Crouwel, aliitoa mwaka 1967. Mashine mpya za kupanga herufi za wakati ule zilichora kwa mionzi kwenye skrini, na mikunjo ya herufi za kawaida ilitoka imevurugika. Crouwel hakuilazimisha mashine. Alichora herufi ambazo mashine inaziweza: mistari ya wima na ya mlalo, pembe zikikatwa kwa nyuzi 45. Baadhi yake huzitambui mpaka uelekezwe, na mwenyewe alikiri kwamba hakuzikusudia kwa kazi halisi. Hapo pa mwisho mimi nilipapita haraka.

Miezi ya kuchora siwasimulii. Nilianza na eneo la kawaida la vipimo 1,000, yaani kimo ambacho programu ya fonti humpa mchoraji kwa kila herufi, nikaligawa kwa miraba ya vipimo 100. Herufi kubwa miraba 7 kwenda juu, miraba 6 kwa upana, kila mstari unene wa miraba 2. Hakuna mstari uliobadili unene hata kidogo. Nikachapa A mpaka Z, nikabandika ukutani, na kwa wiki nzima kila nikipita nilisimama kuzitazama.

Kisha akaja mteja aliyetaka bango la tamasha la michezo ya video. Tarehe ilikuwa na 8. Mbele ya timu yake yote akaweka kidole juu yake akauliza, "Hii ni 8 au B?" Nikaanza kumweleza habari za Crouwel. Akanikatiza: "Wanaopita mbele ya bango hawatakuwa na wewe." Kazi akapewa mtu mwingine, na malipo ya nusu tuliyokubaliana sijayaona hadi leo. Iliniuma, na bado inaniuma. Kuhusu 8 alikuwa na haki. Kuhusu pesa hakuwa na haki.

Nilikaa mwaka mzima bila kulifungua lile faili. Nilipolifungua, nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. B ina mistari mitatu ya mlalo. Ukiipa kila mmoja unene wa 200, inakula 600 kati ya 700. Zinabaki 100 kwa matundu mawili, yaani 50 kila moja. Ukiitazama kwa mbali matundu hayo yanaziba, na B na 8 zinakuwa tofali moja.

Dawa ikawa kuivunja gridi. Mistari ya mlalo niliipunguza hadi 140, nikaiacha ya wima na 200 yake. Matundu ya B yakapanuka kutoka 50 hadi 140, na cha ajabu, hakuna anayeona kwamba unene unatofautiana: jicho la binadamu huuona mstari wa mlalo kuwa mnene kuliko wa wima hata vikiwa sawa. Baada ya hapo nikaikata 8 pembe zote nne na kuibana kiuno. B ikabaki na mgongo ulionyooka, pembe zake za kushoto kali. Sifuri ikapata nukta katikati ili isigombane na O.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu mnaochora. Acheni kuipima fonti kwa alfabeti. Alfabeti inakubembeleza, kwa sababu kila herufi imesimama peke yake na unajua inayofuata. Andika maneno, tena maneno ya lugha yako. Sentensi za mfano za kwenye programu zimejaa Q na X. Sisi tuna M, W na K zilizobanana. Niliandika MWAKA, na papo hapo nikaona M yangu imekufa: mihimili mitatu ya 200 inajaza upana wote wa 600, hakuna nafasi iliyobaki ndani. Nikaipa M upana wa 840, W vilevile, na neno likapumua.

Chapa, bandika ukutani, rudi nyuma hatua kumi. Rekebisha, chapa tena, rudi tena. Msiwaandikie watu aya nzima kwa fonti hizi. Ni za vichwa, mabango na majalada, maneno mawili matatu makubwa. Na jamani, andikianeni mkataba kabla hujatuma hata herufi moja.

Mwezi uliopita toleo la pili limechaguliwa kwa jalada la mchezo wa kompyuta ambao hadithi yake inaanza mwaka 1988. Waliponitumia picha sikutazama jina la mchezo. Niliikuza mpaka kwenye ule mwaka, nikazikuta 8 mbili zimesimama bega kwa bega, viuno vimebana, matundu wazi. Nimeichapa, imebandikwa palepale ilipokuwa ile alfabeti.