Kwa nini mbunge huyo bado ana kiti

Mwanangu,

Umeniuliza inawezekanaje mbunge aliyeomba kura kwa tiketi ya upinzani aitetee serikali mchana kutwa na asipoteze kiti, na kama kuna haja yoyote ya wewe kujiunga na chama.

Sheria ipo. Kifungu cha 103 cha Katiba ya Kenya kinamnyang'anya kiti mbunge aliyejiuzulu chama kilichompeleka Bungeni, au anayehesabika kuwa amejiuzulu. Sharti hili si geni: mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipohama KANU, chama tawala, na kuingia KPU, chama cha upinzani, Katiba ilibadilishwa haraka ili wahamaji warudi kwa wapiga kura. Shida ni kuthibitisha kwamba mtu amehama. Mbunge mjanja haandiki barua ya kujiuzulu wala hajisajili kwingine. Anabaki na kadi yake na kupiga kura na upande wa pili. Chama kikitaka kumfukuza, lazima kwanza kimsikilize, naye ana nafasi ya kwenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Muhula unakwisha kesi ikiendelea.

Tazama lililotokea baada ya uchaguzi wa 2022. Vyama kadhaa vilikuwa vimetia saini mkataba wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, kabla ya kura, kisha vikaegemea Kenya Kwanza, muungano wa Rais William Ruto. Mwezi Oktoba Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akahesabu wabunge 179 kwa Kenya Kwanza na 157 kwa Azimio. Mahakama Kuu ilibatilisha hesabu hiyo Februari 2025, na siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mpya ulioiacha Kenya Kwanza bado ikiwa upande wa wengi. Mimi naliona hilo kuwa dharau kwa aliyepiga kura.

Mara nyingine chama chenyewe ndicho kinachohama. Machi 7, 2025, William Ruto na marehemu Raila Odinga walitia saini makubaliano ya hoja 10 kati ya UDA, chama cha Ruto, na ODM, chama cha Raila. Tangu hapo, mbunge wa ODM akiunga mkono serikali, nani atamwadhibu, na kwa kosa gani?

Fuata pesa pia. Sheria inataka Mfuko wa Vyama vya Kisiasa upate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na asilimia 70 ya fedha hizo hugawanywa kwa kufuata kura ambazo kila chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliopita. Chama kikiitupa manifesto yake mwaka mmoja baada ya uchaguzi, mgao huo haupungui kwa sababu hiyo hata senti.

Lakini msimamo huanza kufa mapema zaidi, kwenye mchujo, yaani chama kinapoteua wagombea wake. Chama huchagua ama wanachama waliosajiliwa wapige kura, ama wajumbe wachache wafanye hivyo kwa niaba yao. Sajili ikiwa mbovu, au orodha ya wajumbe ikiandikwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia mchujo, kura ni ya bure. Na anayepewa tiketi ya moja kwa moja, bila mchujo, anajua vizuri sana deni lake liko kwa nani.

Kwa hiyo jiunge, ila kwa macho mawili. Kwanza ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone umeandikwa chama gani. Juni 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao katika vyama wasivyovijua. Kama umesajiliwa bila ridhaa, jitoe kabla ya kuingia kwingine, maana sheria hairuhusu uanachama wa vyama viwili. Ukiandika barua kwa chama, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Kisha soma katiba ya chama unachokitaka, hasa sehemu ya uteuzi: nani anaunda bodi ya uchaguzi, nani ana mamlaka ya kutoa tiketi ya moja kwa moja, rufaa inapelekwa wapi na kwa siku ngapi. Kama kuna muungano, omba mkataba wake. Lazima uwekwe kwa Msajili, miezi 4 kabla ya uchaguzi ikiwa ni chama cha muungano (muungano uliosajiliwa kama chama), au ndani ya siku 21 ukitiwa saini baada ya uchaguzi. Linganisha urefu wa sehemu ya sera na ile ya kugawana vyeo.

Na mapema, kabla joto la 2027 halijapanda, nenda kwa maafisa wa wadi yako uwaombe wakuonyeshe sajili ya wanachama.

Mamako