Flitch ni nyama au ni mbao?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nilikuwa nasoma mambo ya Uingereza ya zamani nikakutana na neno flitch, kamusi yangu inasema ni nyama ya nguruwe, ila shemeji yangu seremala anasema hapana, ni mbao. Tumebishana wiki nzima, naomba utuamulie.

JIBU: Mko sahihi wote ndugu yangu. Neno la siku nyingi hilo, kwenye Kiingereza cha kale liliandikwa flicce, na nguruwe anapasuliwa katikati kufuata uti wa mgongo, kila upande unakolezwa chumvi, unakaa mpaka ikolee halafu unatundikwa ukauke au ufukizwe moshi. Huo upande mmoja mzima ndo flitch. Kamusi ikisema "nyama ya nguruwe" basi inakuangusha, maana sio nyama yoyote tu.

Sasa chukua gogo ulipasue kwa urefu. Lile pande nene linalotoka, mara nyingi ganda bado liko pembeni, nalo ni flitch, na ukiliwazia karibu na ule ubavu wa nguruwe unaona umbo ni lilelile. Wenye kazi ya vinia, zile mbao nyembamba kama karatasi za kubandika juu ya fenicha, wanaita hivyo pia rundo lote lililotoka kwenye pande moja likapangwa kwa mfuatano lilivyokatwa, ili michirizi ioane. Na kuna boriti yenye jina hilo, mbao mbili zinabana bamba la chuma katikati zinakazwa kwa bolti.

Ila ninachokipenda mimi kuliko vyote kiko Dunmow, mji wa kule Essex, Uingereza. Wanandoa wakiweza kuapa kwamba kwa mwaka mmoja na siku moja hawajawahi kujutia ndoa yao wanapewa flitch nzima, na sio kitu cha juzi, Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza, alishakitaja karne ya 14! Siku hizi ni kila mwaka mrefu, kuna jaji, kuna baraza la wasichana 6 na vijana wa kiume 6 ambao hawajaoa wala kuolewa, na kuna wakili kabisa anaitetea nyama isichukuliwe, anawabana wenzi kwa maswali mbele ya watu. Wakishinda wanabebwa juujuu kwenye kiti, wanapiga magoti kwenye mawe yaliyochongoka ndo waape. Wakishindwa wanaondoka na paja.