Kwa wakili anayeanza kuwatetea majeruhi: ijue siku nzima ya mteja wako

Kesi yangu ya kwanza ya mtu aliyevunjika uti wa mgongo niliiandaa kwa mwaka mzima. Nilikuwa na ripoti ya daktari wa upasuaji, picha za eneo la ajali, mashahidi wawili walioliona gari likihama upande wake wa barabara, na risiti nilizozipanga kwa tarehe. Jaji alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Wakili, usiku huyu bwana anageuzwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilimgeukia mteja wangu kwenye kiti chake cha magurudumu, naye akamtazama mkewe aliyekaa benchi la nyuma. Mwaka mzima yule mama alikuwa akimleta mumewe ofisini kwangu, na sikuwahi kumuuliza analala saa ngapi.

Wewe unayeanza, nataka uanzie pale nilipochelewa kufika. Siku ya ajali ni moja tu, na wanafunzi wa sheria huipenda kwa sababu ndiyo yenye hoja: nani alikuwa mzembe, nani alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari. Hoja hizo ni za lazima. Lakini fidia kubwa ya mtu aliyeumia vibaya inatokana na siku zinazofuata, na hizo hazimo kwenye faili mpaka uende ukazione kwa macho yako.

Nenda nyumbani kwa mteja. Fika asubuhi kabla hajaamka, ukae mpaka alale. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu unaingia kwenye faragha ya mtu ambaye tayari amepoteza faragha nyingi. Tazama inachukua dakika ngapi kuvaa shati. Tazama mlango wa choo una upana gani na kiti kinaishia wapi. Uliza habari za haja kubwa na ndogo bila kuona haya, maana ukiona haya wewe, yeye ataficha, na kilichofichwa hakilipwi. Asiyehisi miguu yake hahisi pia ngozi inapoanza kufa kwa kulaliwa mahali pamoja. Ndiyo sababu wauguzi wamezoea kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Hesabu mwenyewe: kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mke anaamka mara ngapi? Huo ni ulinzi wa zamu ya usiku, na una gharama yake hata kama anayeufanya hajawahi kudai senti.

Jifunze udaktari. Si wa kutibu, ni wa kuuliza maswali. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla kwa jambo dogo kama kibofu kilichojaa au nguo iliyobana, na asiposaidiwa haraka anaweza kufa. Ukilijua hilo, utauliza kama msaidizi wa nyumbani amefundishwa kulitambua, na utadai gharama ya msaidizi aliyefunzwa badala ya mtu yeyote mwenye mikono. Usipolijua, daktari wa upande wa pili ataandika kwamba "anahitaji usaidizi wa kiasi," nawe utaipitisha sentensi hiyo bila kuigusa.

Majeraha ya ubongo ndiyo yanayowapotosha zaidi mawakili wapya. Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, hutoa alama kuanzia 3 hadi 15 kulingana na jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Alama 13 hadi 15 huitwa jeraha dogo. Neno "dogo" hapo linaeleza hali ya fahamu ya saa zile za mwanzo. Halielezi maisha yatakayofuata. Nimekuwa na mteja aliyekuwa na alama 14, picha ya CT, yaani ya mionzi ya ndani ya kichwa, haikuonyesha kitu, alitembea, alicheka, alinisalimia kwa jina. Nilipomhoji peke yake alisema, "Mimi mzima, wakili." Dada yake ndiye aliyenipigia simu jioni: kaka anaacha jiko likiwaka, anarudia swali lilelile mara sita, na amefukuzwa kazi mbili tangu ajali. Ubongo ulioumia unaweza kupoteza uwezo wa kuona kwamba umeumia. Kwa hiyo katika kesi hizi usimhoji mteja peke yake. Tafuta mtu aliyemjua kabla na baada: mwenzake wa kazini, mwalimu wake, mtu waliyecheza naye mpira. Kisha mtume mteja apimwe kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo na mwanasaikolojia wa ubongo. Vipimo hivyo huona yale ambayo picha haioni.

Ushahidi wa ajali yenyewe hausubiri. Kamera za ulinzi hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya, mara nyingine ndani ya siku chache. Mashine iliyomkata mtu hurekebishwa ili kazi iendelee, na gari huuzwa kama chuma chakavu. Wiki ileile unapopewa kazi, andika barua ya kuwataka wahusika wahifadhi kila kitu. Pia ipate tarehe ya mwisho ya kufungua kesi na uiandike mahali pawili. Uingereza, kwa mfano, muda wa kawaida ni miaka 3 tangu kuumia au tangu mtu alipojua ameumia kwa kosa la mwingine, na mtoto huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Kwingine ni muda mfupi zaidi, na mara nyingi kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya mapema. Usitegemee kumbukumbu. Soma sheria inayokuhusu kila mara.

Sasa fedha. Kanuni tunayoifuata katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza ilisemwa na jaji wa Uingereza, Lord Blackburn, mwaka 1880, katika kesi ya Livingstone dhidi ya Rawyards Coal: kiasi kile kitakachomweka aliyeumia, kwa kadiri fedha inavyoweza, kwenye hali ambayo angekuwa nayo kama kosa lisingetendeka. Ugumu ni kwamba kwa kawaida fedha hulipwa mara moja, kwa ajili ya miaka ambayo haijafika. Mwaka 1979 jaji mwingine wa huko, Lord Scarman, alikiri waziwazi kwamba katika fidia ya namna hiyo hakika ni moja tu: siku za mbele zitaonyesha kuwa ilikuwa nyingi mno au kidogo mno.

Kwa sababu hiyo usiiogope hesabu. Mahakama hupunguza fedha za mbele kwa kudhani mteja ataziwekeza zimzalie faida. Mwaka 1998, katika kesi ya Wells dhidi ya Wells, majaji wa juu wa Uingereza walishusha kiwango hicho cha faida inayodhaniwa kutoka karibu asilimia 4.5 hadi 3, kwa kuwa si haki kumlazimisha mtu aliyepooza acheze bahati nasibu ya soko la hisa kwa fedha za kumtunzia. Mtu anayehitaji matunzo kwa miaka 30, kwa asilimia 4.5 hulipwa takriban mara 16.3 ya gharama ya mwaka mmoja. Kwa asilimia 3 hulipwa takriban mara 19.6. Tofauti hiyo ni zaidi ya miaka mitatu ya mtu kugeuzwa kitandani. Wakili anayesema "hesabu nimemwachia mtaalamu" amekabidhi miaka hiyo bila kuisoma.

Kampuni ya bima italeta ofa ya malipo mapema, mara nyingi familia ikiwa imeshakopa na ada za shule zinadaiwa. Naielewa haraka ya familia, wala siwalaumu. Lakini ukisaini suluhu ya mwisho kabla madaktari hawajajua mgonjwa atatulia wapi, hakuna kurudi. Omba malipo ya muda, yaani ya kumsaidia mteja wakati kesi ikiendelea, pale sheria inaporuhusu. Uamuzi wa kukubali au kukataa ni wa mteja. Kazi yako ni kumweleza kwa lugha ya nyumbani kwake fedha hizo zitamfikisha mwaka gani. Usimtajie kiasi siku ya kwanza, hata akikusihi. Tarakimu ya kwanza haisahauliki.

Mwambie pia ukweli kuhusu ukweli. Upande wa pili unaweza kumpiga picha akiwa sokoni na kusoma anayoyaweka mtandaoni. Mteja anayesema "siwezi kuinua chochote," kisha akaonekana amembeba mtoto wake, ameivunja kesi yake kwa sentensi moja, hata kama usiku ule alilala akilia kwa maumivu. Mfundishe kusema anachoweza, na kinamgharimu nini. Kama aliwahi kuumia mgongo miaka ya nyuma, alieleze mwenyewe kabla halijafukuliwa. Sheria haimkatai mtu dhaifu: tangu kesi ya Dulieu dhidi ya White ya mwaka 1901 imekubalika kwamba mkosaji humchukua aliyemuumiza kama alivyo, hata kama fuvu lake lilikuwa jembamba kuliko la wengine. Kinachowaangusha wateja ni kuficha.

Juu yako wewe mwenyewe nitasema machache. Picha za majeraha utazikumbuka. Usiziangalie usiku kabla ya kulala, na uwe na mwenzako mmoja unayeweza kumwambia kwamba leo umeelemewa. Na mpigie mteja simu hata kama hakuna jipya. Kimya cha miezi mitatu wewe unakiona utaratibu wa mahakama, yeye anakiona ametupwa.

Yule bwana wa kesi yangu ya kwanza alipata fidia. Jaji aliahirisha shauri, nikaenda kukaa nyumbani kwao siku mbili, tukaongeza msaidizi wa usiku na kitanda cha umeme. Miaka kadhaa baadaye mkewe alinipigia. Nilidhani ananisalimia tu. Alitaka kujua nani analipia mota ya kitanda, kwa maana imeungua. Nilifungua faili la zamani nikatafuta: kitanda kilikuwemo, bei yake ilikuwemo, lakini sikuwa nimeandika gharama ya matengenezo wala ya kununua kingine. Kiti cha magurudumu nacho nilikiandika mara moja, ilhali hudumu miaka michache tu kwa mtu anayekikalia kutwa. Tangu siku hiyo kila jedwali langu la madai lina safu mbili za ziada: kitu hiki kitaharibika lini, na nani atakitengeneza.