Shinkolobwe ni tunda ao ni mgodi?

SWALI: Papa muhariri, jambo. Nkambo yangu alikomalia pembeni ya Likasi. Akiona mutu mwenye kunyamaza siku zote kisha siku moja anapasuka na hasira, anasema "huyu ni shinkolobwe". Miye najua Shinkolobwe ni kule balitosha mawe ya bomu. Sasa ni mgodi njo ulipana jina, ao jina ilikuwa mbele? Na mugini yenyewe iko wapi leo?
(Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mwanangu, umusalimie nkambo sana, juu neno lake ni la zamani kupita mgodi. Mugini njo ilikuwa mbele, na mgodi ukakamata jina ya mugini.

Jina ni ya tunda. Bamoja banasema ni tunda ya miba, bengine banasema ni tunda yenye kupikwa na mayi, inje unaona kama imesha poa lakini ukiifinya tu inakuchoma mukono. Lakini hadisi zote mbili zinafika pamoja: kitu unakiona pole, ukikigusa vibaya unalia. Njo maana mutu wa kimya mwenye hasira ya ndani banamuita vile, na kwangu miye hii njo sehemu yenye kupendeza kuliko yote, batu ba mugini balichagua jina na macho yabo, mu pori yabo.

Kuko bale banasema bankambo balijua kama bomu itatoka pale. Hapana, naikataa. Mawe ya uraniumu Robert Sharp, Mwingereza, aliyaona mu 1915, Union Minière, kampuni ya Babelgiji ya kuchimba madini, ikaanza kuyachimba juu ya radiumu, kitu ya mu yale mawe yenye ilikuwa ya bei kali sana, kisha vita ikakuja na Marekani bakayanunua kwa siri, na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu ya Hiroshima, tarehe 6 ya mwezi wa 8, 1945, ilitoka pale. Tunda ilikuwa na jina yake mbele ya ile yote!

Mugini ya zamani haiko tena. Bachimbaji ba mikono balijenga ingine pembeni, nayo ikaondolewa kisha serikali kukataza kuchimba pale mu 2004.

Sasa nakuomba kitu moja: uliza nkambo kama ile tunda alikulaka, na kama ilikuwa na miba, kisha uniandikie.