Unga wa mahindi si huruma kwa mwanambuzi

Ukame wa mwaka 2022 ulipomaliza majani huku kwetu nje ya Malindi, upande wa Kakuyuni, nilikuwa na wanambuzi saba na mama zao wamekonda, maziwa yamekatika. Niliwaonea huruma wale wadogo. Nilikuwa nimetoka kusaga, nikamwaga unga na pumba kwenye karai, nikawaacha wale watakavyo.

Asubuhi mmoja nilimkuta amelala ubavu, tumbo limejaa, ukilisukuma unasikia maji yanacheza ndani. Anasaga meno. Kinyesi si gololi tena, ni uji wa kijivu wenye harufu ya kitu kilichochacha. Alikufa kabla ya adhuhuri. Wa pili alimfuata magharibi, na ndiye aliyekuwa mnono kuliko wote. Nililia, sioni haya kusema. Nililia zaidi daktari wa mifugo alipokuja na kunieleza kwamba niliwaua kwa kuwashibisha.

Mbuzi hali peke yake. Katika tumbo la kwanza, rumeni, mnaishi vijidudu visivyohesabika: bakteria, protozoa na kuvu. Hao ndio wanaoyavunja majani. Mwanambuzi huzaliwa bila jeshi hilo. Hulipata kwa kulambwa na mama yake, kwa kula majani yaliyoguswa na mate ya wakubwa, kwa kunusanusa zizini. Wiki za mwanzo rumeni yake ni ndogo na haina kazi. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji unaojikunja na kuingia moja kwa moja tumbo la nne.

Vijidudu hao wana tabia tofauti. Wanaokula nyuzinyuzi hufanya kazi polepole. Wanaokula wanga wana pupa, na mahindi ni wanga kwa sehemu kubwa. Ukimwaga unga mwingi kwa mara moja, bakteria kama Streptococcus bovis huzaana kwa saa chache tu na kutoa asidi ya laktiki, asidi ileile inayogandisha maziwa ya mtindi. Rumeni yenye afya huwa na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka asidi ikizidi, ya kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, wale wa nyuzinyuzi wanaanza kufa, na mahali pao wanachukua bakteria wanaopenda uchachu, wakiongeza asidi juu ya asidi. Maji ya mwilini yanavutwa kuingia tumboni, ndiyo yale niliyoyasikia. Ukuta wa tumbo unachubuka, na sumu za bakteria waliokufa zinapenya hadi kwenye damu.

Wanga unaoponyoka na kufika utumboni nao una balaa lake. Huko huishi Clostridium perfringens, ambaye akipata wanga mwingi huzaana na kumwaga sumu, na mara nyingi anayekufa ghafla ni yule mnono, mlaji hodari. Chanjo yake ipo. Muulize daktari wako, na ukumbuke kwamba sindano ya kwanza hufuatwa na ya pili baada ya wiki chache.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu mnaolea mwanambuzi yatima: msimpe uji badala ya maziwa. Mate ya mbuzi hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na utumbo wa mtoto bado hauna nguvu hiyo. Ataharisha tu. Mtafutieni maziwa ya mbuzi mwingine, au ya ng'ombe.

Lakini sikuacha nafaka kabisa, na sidhani ni sawa kuiacha. Wanga kidogo ukichachushwa na vijidudu hutoa asidi ya biutiriki, na hiyo ndiyo inayokuza vinyweleo vya ndani ya rumeni ambavyo baadaye humfyonzea mbuzi chakula. Mwanambuzi anayeonja nafaka kidogo akiwa bado ananyonya huwa tayari zaidi siku ya kuachishwa.

Siku hizi kuanzia wiki ya tatu nawatengea pembe yao, mama zao wasiingie. Kwanza majani: mkunazi, lukina, nyasi kavu. Wakishaanza kutafuna ndipo nawapa mahindi yaliyopasuliwa, si unga, kiasi cha kiganja kwa kila mmoja, na siongezi mpaka wiki ipite bila kinyesi kulegea. Punje kubwa inamlazimu atafune, na majani yanamfanya acheue. Akicheua anameza mate mengi, na mate yake yana chumvi zinazotuliza asidi. Maganda ya muhogo nayahesabu kama mahindi, na nayakausha juani kwanza kwa sababu mabichi yana sumu yake. Machicha ya nazi ni jambo jingine, yale yana mafuta zaidi kuliko wanga.

Jihadharini na siku za harusi. Sufuria za wali na pilau zikibaki, watoto huzimwaga kwa mbuzi kwa nia njema kabisa. Mtu mzima asimame pale.

Na mwanambuzi akivamia gunia, usingoje aanze kuhara. Mwondolee nafaka yote, mpe nyasi kavu tu, mpigie daktari saa ileile. Mimi gunia langu linalala chumbani kwangu, mlango umefungwa kwa komeo.