Kabla Hujaipeleka Tekno Mbele ya Umati

Kwa ninyi mnaoanza kutengeneza na kupiga tekno, muziki wa dansi unaoundwa kwa mashine za elektroniki, jambo la kwanza ninalowaomba ni kutokuwa na haraka ya kuingia klabu. Wengi wetu tuliufahamu muziki huu kupitia video za mikesha ya reivu huko Ulaya, maelfu ya vijana wakirukaruka chini ya taa za rangi, tukaamini kwamba ulitungwa kwa ajili ya mandhari ile. Ukweli ni kwamba ulianzia majumbani, katika jiji la Detroit, Marekani, na katika mji mdogo wa Belleville ulio jirani, ambako Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, vijana weusi waliosoma shule moja, walikesha wakisikiliza mtangazaji wa redio aliyeitwa Electrifying Mojo, ambaye hakuona taabu kupiga muziki wa Kraftwerk, kundi la elektroniki la Ujerumani, bega kwa bega na funk, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, ya George Clinton. Viwanda vya magari vilikuwa vikipunguza watu na kuingiza roboti. Vijana hao walichukua mashine nao, lakini wakazitumia kuwazia mji ambao ulikuwa haujajengwa bado.

Chukueni "Strings of Life", aliyoitoa May mwaka 1987, muisikilize mkiwa mmekaa. Haina besi. Kuna piano, kuna fidla za sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, zinazoingia na kukatika kama mtu anayeanza sentensi na kughairi, na mdundo unaokuja kuzifukuza. Kwa kanuni tunazofundishana leo, kipande kisicho na besi hakiwezi kumwinua mtu kitini; hata hivyo ndicho kilichowatia wazimu wacheza dansi wa Uingereza mwaka 1988, mwaka ambao pia ulitolewa mkusanyiko wa muziki wa Detroit uliolitangaza jina la tekno kule. Kwa hiyo msinielewe vibaya: ni mikesha iliyonunua santuri, ikawalipia watunzi tiketi za ndege, na kuupa muziki huu maisha ambayo Detroit yenyewe ilikuwa haijaupa.

Gharama ya mikesha hiyo ilionekana baadaye. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikesha ya wazi, na ndani yake muziki ulielezwa kuwa ni sauti zinazotawaliwa na mfululizo wa midundo inayojirudia. Kundi la Autechre lilijibu kwa kipande ambacho mdundo wake haukujirudia, jibu ambalo bado linanichekesha. Lakini tukubali kwamba waandishi wa sheria ile walikuwa wamesikia kile ambacho umati mwingi ulikuwa unakisikia: pigo, pigo, pigo, na mengine yote yakawa mapambo.

Nami nimewahi kuwa mtumishi wa pigo hilo. Usiku mmoja jijini Nairobi nilianza saa sita kwa biti 128 kwa dakika, na kila waliposhangilia niliongeza kasi kidogo, maana shangwe ni tamu. Ilipofika saa nane nilikuwa kwenye 150, vipande vyangu vyote vya taratibu vikiwa vimeshapoteza nafasi, na aliyeandaa shughuli akaniambia kwa uso wa furaha kwamba hakukumbuka wimbo hata mmoja. Alikusudia kunisifu. Tangu hapo huandika kwenye karatasi, kabla ya kutoka nyumbani, kipande kimoja ambacho nitakipiga hata kama watu watasimama, kisha nawapangia njia ya kukifikia.

Wapo waliofanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kundi la Underground Resistance la Detroit, lililoanzishwa na Mike Banks na Jeff Mills, lilikataa kuuza sura. Banks kwa miaka mingi alijificha uso ili santuri izungumze peke yake. Kazi yao ya mwaka 1992 kuhusu pete za sayari ya Zohali ilitolewa na lebo ya Tresor, yaani ya klabu ya Berlin iliyofunguliwa mwaka 1991 katika vyumba vya chini vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani. Kazi ya anga za mbali ilipata mlezi chini ya ardhi, kwenye jasho na moshi.

Sisi tuna neno ngoma, ambalo ni chombo, ni mchezo na ni shughuli yenyewe kwa pamoja, na labda ndiyo sababu ugomvi huu wa msanii na umati hutushangaza kidogo. Hata kwenye ngoma, lakini, mpigaji hutangulia kuiwamba ngozi na kuipasha moto kabla wachezaji hawajafika. Kuwamba kwenu kuwe hivi: kipande kikiisha, zimeni pigo zito la chini, zimeni na matoazi, kisha sikilizeni kilichobaki kwa dakika mbili kupitia spika ndogo. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa na vipande kumi na kimoja nilivyojivunia. Tisa vilibaki kimya kabisa.