Maswali ya wasomaji: Pombe ya jana, usukani wa leo

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mume wangu ni dereva wa fuso, anapeleka mahindi Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia safari huanza bia saa moja jioni, anarudi saa saba usiku, na saa kumi na moja alfajiri anawasha gari. Nikimwambia, anajibu: "Nimelala, nimeoga, nimekunywa supu." Je, yuko sawa? — Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Hayuko sawa, Mama, na hesabu yake ni hii. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa hiyo hupandisha kilevi kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100 za damu. Ini huondoa kama miligramu 15 kwa saa katika kiasi hichohicho cha damu, uwe umelala au unacheza muziki.

Tuseme amekunywa sita. Sita mara 40 ni 240. Gawa kwa 15, unapata saa 16. Ukihesabu tangu saa moja jioni, damu yake itasafika saa tano asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri bado amebeba miligramu 90. Kikomo cha kisheria kwa dereva wa kawaida ni 80, na kwa dereva wa chombo cha biashara ni sifuri. Amezidisha vyote viwili, tena akiwa ananukia sabuni.

Supu, kahawa na maji ya baridi haviliharakishi ini. Kahawa inamfukuzia usingizi tu, kwa hiyo unapata mlevi aliye macho. Kuzimua asubuhi, yaani kunywa tena ili kutuliza uchovu wa pombe ya jana, ndiyo mbaya kabisa, maana anaongeza deni juu ya deni.

Sasa mtazame barabarani. Akishapita Chamwino kuelekea Kibaigwa, jua la asubuhi linampiga usoni. Mbele kuna lori limeharibika, na utingo ametandaza matawi ya miti kuonya wanaokuja (mara nyingi karibu mno na lori lenyewe, lakini hilo ni kosa la mwingine). Fuso likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Akichelewa nusu sekunde tu kuyatambua matawi, mita 11 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki, na akiwa na mzigo kamili hizo mita 11 hazipatikani tena.

Mwambie usiku wa kuamkia safari asinywe. Akibisha, zisizidi mbili, na aziwahi saa kumi na mbili jioni: 80 gawa kwa 15 ni kama saa tano na nusu, kisha aongeze saa mbili au tatu kwa sababu miili haifanani.

SWALI: Mimi huwa sinywi bia, ni mvinyo wetu wa zabibu tu, bilauri moja au mbili kwenye sherehe. Nikiendesha mwenyewe kurudi nyumbani Kisasa, nina kosa? — Dada wa kilo 60

JIBU: Inategemea bilauri. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 12 inatoa bilauri tano za kupimwa, lakini wahudumu wa sherehe zetu huijaza, na chupa inaishia kwenye bilauri tatu. Moja ya namna hiyo ina kilevi kingi kuliko chupa nzima ya bia. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume, hivyo kilevi kilekile kinakolea zaidi: bilauri moja iliyojaa inaweza kukufikisha miligramu 70. Ya pili, dada, panda bajaji.

SWALI: Bodaboda wenzangu hutafuna karafuu na pipi kali kabla ya kufika kwa trafiki. Inasaidia? — Kijiwe cha Majengo

JIBU: Inaficha harufu. Kipima ulevi hakinusi. Kinapima kilevi kinachotoka kwenye damu kupitia hewa ya ndani ya mapafu. Kama umetoka kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye kilevi, eleza hivyo na uombe kupimwa tena baada ya dakika 15, maana kilevi cha mdomoni huwa kimeshaisha. Kukataa kupuliza nako ni kosa.

Kwa wanaokunywa pombe za kienyeji kama wanzuki au komoni hatuna hesabu ya kuwapa. Pombe inayoendelea kuchacha ya leo si ya kesho, na kikombe hakina lebo. Ukiionja, pikipiki ilale.

SWALI: Nina baa Area C. Nifanyeje wateja wasiondoke na magari wakiwa wamelewa? — Mwenye baa

JIBU: Pokea funguo kaunta kabla ya chupa ya kwanza, ukisubiri ya tano utagombana. Weka kibao cha namba na utundike kila ufunguo kwenye msumari wake. Mruhusu mteja aache gari hadi mchana na mlinzi aandike namba ya gari. Elewana na bajaji wawili watatu wa jirani kuhusu nauli za Ipagala, Nkuhungu na Ihumwa, uzibandike ukutani, kwa sababu mlevi akianza kubishana nauli ataomba ufunguo wake. Kundi likija na gari moja, muulize nani anaendesha, umpelekee soda yeye. Wakijibu "tutaona baadaye", chukua ufunguo.